Uzamili wa sanaa: Anachopaswa kujua kijana wa Fort Ternan

WAZAZI wengi katika Kaunti ya Kericho huridhika upesi mwana wao anaposema anakwenda Nairobi kusomea uzamili wa uhasibu au elimu. Akisema ni uzamili wa sanaa na ubunifu, swali hufuata papo hapo: je, miaka miwili zaidi ya kuchora itamfaa nani?

Swali hilo ni la haki, hasa kwa mkulima wa kahawa wa Fort Ternan ambaye huenda akalazimika kuuza ng’ombe ili karo ipatikane. Lakini shahada hii haifundishi kuchora. Anayeingia huchukuliwa kuwa tayari anajua kuchora, kufinyanga au kuchonga. Anachotakiwa kuja nacho ni swali lake mwenyewe, alichunguze kwa mikono na kwa maandishi chini ya msimamizi, kisha atoe tasnifu, maonyesho ya kazi zake, au vyote viwili, kulingana na kanuni za chuo.

Ndiyo maana vyuo vingi vya sanaa havitazami alama pekee. Huomba mkusanyiko wa kazi za mwombaji pamoja na maelezo ya jambo analonuia kuchunguza. Nyuso za watu mashuhuri zilizonakiliwa kutoka kwenye intaneti, hata zikipendeza namna gani, hazimsaidii sana.

Mfano mzuri ni Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950. Alikwenda Uingereza mwaka wa 1971 akiwa na uzoefu wa kazi za matangazo. Katikati ya masomo yake alisafiri hadi Abuja, Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa mikono bila gurudumu, jinsi wanawake wa Afrika walivyofanya tangu jadi. Alipohitimu uzamili katika Royal College of Art, London, mwaka wa 1982, mbinu hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa kazi yake. Leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Kijana wa Fort Ternan naye hakosi cha kuanzia. Nyumbani kwao huenda kuna sotet, kibuyu cha mursik ambacho Wakipsigis hukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa. Kwa nini shingo yake ni nyembamba? Chombo cha kuuzia mursik dukani kingeundwaje bila kupoteza ladha na heshima ya kibuyu? Hilo ni swali la uzamili kamili, na profesa wa jijini hana jibu lake mfukoni.

Kuna pia visukuku vya Kenyapithecus wickeri, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka ipatayo milioni 14 iliyopita, ambavyo Louis Leakey alivitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya uchimbaji katika shamba moja la hapo Fort Ternan. (Jina wickeri ni la mwenye shamba, Fred Wicker.) Namna ya kukichora na kukionyesha kiumbe kama huyo ili mtoto wa shule amwelewe ni kazi ya mbunifu.

Wanaotaka kusoma karibu wana Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Kenyatta. Kampala kuna Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka wa 1937. Kabla ya kulipa chochote, mwombaji aulize ni nani atakayemsimamia, kama kuna karakana ya kufanyia kazi, na kama rangi, udongo na uchapishaji vimo katika karo. Mara nyingi havimo, na kodi ya nyumba jijini nayo haingoji.

Anayenuia kufundisha chuo kikuu hawezi kuikwepa shahada hii. Anayetaka kuchora mabango au kuuza shanga, fedha hizo huenda zikamfaa zaidi akinunulia vifaa.