Damu Baada ya Kukoma Hedhi: Swali Lenye Majibu Mawili



Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alimtuma bintiye aje kuniuliza. Hedhi ilikuwa imemkoma kwa zaidi ya miaka mitatu, kisha akaona damu kwa siku nne. Alitaka kujua: aswali au aache? Nilimjibu kama nilivyosomeshwa. Madhehebu yetu ya Imamu Shafii hayakuweka umri ambao damu ikitoka baada yake haiwezi kuwa hedhi. Ikitimiza mchana na usiku wake, na isipindukie siku kumi na tano, huhesabiwa hedhi. Aache swala, ikikatika aoge. Binti alishukuru akaenda zake, nami nikafunga kitabu nikiwa radhi na jawabu langu.

Miezi minane baadaye binti yule alirudi kuomba dua. Mamake alikuwa amelazwa, na saratani iliyoanzia katika mji wa mimba ilikuwa imeshatambaa kwingine. Jawabu langu halikuwa na kosa la fiqhi. Lakini lilimpa mama yule utulivu ambao hakupaswa kuwa nao, kwani alielewa, na ni haki yake kuelewa hivyo, kwamba ada yake imerejea na hakuna jambo zaidi la kutafuta.

Sisi tunaosomesha mlango wa twahara tuna la kujifunza katika habari mashuhuri ya Bibi Fatima binti Abi Hubaish, aliyemjia Mtume (s.a.w.) akishitakia damu isiyokatika. Mtume alimfahamisha kuwa ile si hedhi, bali yatoka kwenye mshipa. Basi si kila damu ni ada. Iko yenye chanzo chengine mwilini. Na leo yuko wa kukichunguza chanzo hicho, pengine mwendo wa matatu moja tu kutoka nyumbani.

Madaktari husema hedhi imekoma mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Damu yoyote baada ya muda huo ni ya kupelekwa hospitali, japo ni tone moja, japo haina maumivu. Mara nyingi sababu huwa nyepesi, kama ngozi ya ndani iliyokonda au kinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini kwa karibu mwanamke mmoja katika kila kumi, hukutwa ni saratani ya mji wa mimba. Saratani hiyo ina jambo moja la kheri: hujitangaza mapema kwa damu, na ikishikwa wakati huo mara nyingi hupona kwa upasuaji. Daktari hupima unene wa utando wa ndani kwa altrasaundi, na akiona haja huchukua kipande kidogo kikachunguzwe.

Hayo ni ya aliyeona dalili. Asiyeumwa naye ana vipimo vyake. Wapo mama zetu wanaosema, mimi mume wangu amefariki, uzazi umekwisha, nipimwe mlango wa uzazi wa nini? Virusi vinavyoleta saratani ya hapo huweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kudhuru, na kukoma kwa hedhi hakuviondoi. Aliyefika hamsini bila kupimwa hata mara moja asidhani wakati umempita. Ila ajue kuwa kile kipimo cha siki hakimfai sana mwanamke wa umri huu, kwa sababu sehemu inayotakiwa kutazamwa huwa imerudi ndani, jicho haliioni. Aulizie kipimo cha virusi vya HPV.

Matiti yapigwe eksirei kwa kadiri daktari atakavyompangia. Presha na sukari hazina udhuru. Hupimwa kwa dakika chache katika zahanati, na baada ya hedhi kukoma maradhi ya moyo huongezeka kwa wanawake. Mifupa nayo hukonda upesi katika miaka ya mwanzo, kwa hivyo aliyevunjika mkono kwa kuteleza tu uani amweleze daktari.

Najua kinachowazuia wengi ni haya, na haya ni katika imani. Wanavyuoni wameruhusu sitara ifunuliwe kwa matibabu kwa kadiri ya haja, na wakatanguliza tabibu mwanamke; asipopatikana, mwanamume atamtazama mbele ya mahramu au mwanamke mwaminifu. Kumwomba karani muuguzi wa kike si utovu wa adabu. Kipimo cha ndani hakimlazimishi kuoga josho. Wudhu wake ndio atakaourejesha. Lakini kwa madhehebu yetu, kuingiza kitu ndani hubatilisha saumu, kwa hivyo kipimo kisichokuwa cha dharura kipangwe siku asiyofunga. Aliye na damu asingoje Ramadhani iishe: aende, na siku hiyo atailipa.

Na waume, nauli ya hospitali haina haja ya kuombwa mara tatu.

Siku hizi nikiletewa swali lile hujibu la swala kwanza, kwa kuwa ndilo nililoulizwa. Kisha nami huuliza: umeshaonana na daktari? Akisema bado, humwita mke wangu. Yeye alikwishapimwa, anaujua mlango wa kliniki, na huwa tayari kufuatana naye kesho yake asubuhi.