Mtoto Anapomwita Kuku "Tutu"

Pengine nyumbani kwako yupo mtoto wa miaka minne na nusu ambaye bado humwita kuku "tutu" na kaka yake "tata". Wenzake humcheka. Jambo hili si la kuchekwa. Mtoto anayechekwa hujifunza kunyamaza, na akinyamaza darasani mwalimu atadhani hajui kitu.

Yafaa kwanza tuujue umri. Sauti za midomo kama m, b na p hutangulia. K na g hufuata, na watoto wengi huwa wamezipata wakifika miaka minne. R huweza kuchelewa hadi miaka mitano au sita. Tena wako watu wazima wengi wanaochanganya r na l. Hiyo ni lafudhi, si ugonjwa. Kusema Kiha nyumbani pia hakumcheleweshi mtoto. Endeleeni nacho.

Kabla ya mazoezi, pima masikio. Simama nyuma ya mtoto asikuone, umwite kwa sauti ya chini. Ukirudia na asigeuke, au sikio likitoa usaha, mlete zahanati. Usitie mafuta wala maji ya majani. Sauti asiyoisikia hawezi kuitamka.

Sasa mazoezi. T hutamkwa kwa ncha ya ulimi, k kwa sehemu ya nyuma. Mkalishe mkitazamana, apanue mdomo akuige: "ka, ko, ku." Akishindwa, mlaze chali, ulimi hulegea kurudi nyuma, na k huweza kutoka kwa urahisi zaidi.

Akishaipata, chezeni. Weka chini taa isiyowaka na kaa lililozimika, kisha akuombe kimojawapo. Akitaka kaa naye akasema "taa", mpe taa. Atashangaa, na hapo ndipo atakapotambua kwamba maneno haya ni mawili. Usimkaripie. Mwambie polepole, "Aa, kumbe unataka kaa," umpe. Kisha wewe uombe, yeye akupe. Dakika tano mara mbili kwa siku zatosha.

Saa nyingine msemeshe tu, hata mnapoanika dagaa. Akisema, "Tutu ametula," jibu, "Ndiyo, kuku amekula." Usimlazimishe kurudia.

Wako wanaoshauri mtoto akatwe kimeo ili aseme vizuri. Kataa! Kukata kimeo hakumfundishi mtoto kutamka, ila kwaweza kumletea kuvuja damu, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI kwa wembe uliotumiwa na wengine.

Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au wa miaka minne ambaye wageni hawamwelewi, aonwe na mganga. Ikibidi tutamwandikia barua ya kwenda Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini. Safari ya boti ni ndefu, kwa hiyo msisahau kadi ya kliniki, na andikeni kwenye karatasi maneno anayoyakosea. Mbele ya mgeni huenda asiseme hata moja.