Treni ya Abiria: Iendeshwe na Serikali au na Kampuni Binafsi?

Isongole, Rungwe

Hakuna reli inayopita Isongole. Kata hii ya Wilaya ya Rungwe, yenye mashamba ya viazi mviringo na baridi ya milimani, hutegemea barabara kuu ya Mbeya, Tukuyu na Kyela kwa karibu kila kinachoingia na kutoka. Hata hivyo, mkazi wa Isongole anayesafiri kwenda Makambako, Mlimba, Ifakara au Dar es Salaam anayo njia nyingine: kushuka kwa gari hadi Uyole, kuvuka Jiji la Mbeya na kupanda treni katika Stesheni ya TAZARA.

Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, sasa imeingia katika mabadiliko makubwa kuliko yote tangu ilipokabidhiwa kwa nchi hizi mbili Julai 1976. Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya CCECC ya China wa kuikarabati na kuiendesha kwa kipindi cha miaka 30, kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4 za Marekani. Miaka mitatu ya mwanzo imetengwa kwa ajili ya ukarabati. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Isongole hivi sasa atakuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 35 mkataba huo utakapofikia ukomo.

Ndiyo maana swali ambalo kwa muda mrefu limekuwa la wataalamu wa uchukuzi sasa linamhusu kila mwananchi: je, treni ya abiria iendeshwe na Serikali au na kampuni binafsi?

Kuendesha reli ni kazi nne

Mjadala huu mara nyingi hukwama kwa sababu neno "reli" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hakika, ndani yake mna kazi nne zinazoweza kushikwa na mikono tofauti.

Kazi ya kwanza ni kumiliki na kutunza njia, yaani ardhi, mataruma, vyuma, madaraja na mifumo ya ishara. Ya pili ni kuendesha treni zenyewe, ikiwemo kununua vichwa na mabehewa, kuajiri madereva na kuuza tiketi. Ya tatu ni udhibiti: kukagua usalama, kutoa leseni na kuidhinisha nauli. Ya nne, ambayo husahaulika zaidi, ni kulipia huduma ambazo jamii inazihitaji lakini nauli zake hazitoshi kuzigharamia.

Serikali inaweza kubaki na kazi moja na kumkabidhi mwekezaji nyingine. Kukodisha uendeshaji kwa muda maalumu, kama ilivyofanyika kwa TAZARA, si kuuza reli. Mali hubaki kuwa ya nchi, na mwendeshaji hupewa haki ya kuitumia kwa masharti na kuirejesha muda ukiisha. Kwa hiyo, cha kuchunguza katika kila mkataba ni jinsi kazi hizo nne zilivyogawanywa, na iwapo ipo iliyoachwa bila mwenyewe.

Swali lenye umri kuliko Taifa

Reli ya kwanza katika ardhi ya Tanzania Bara ilianzishwa na kampuni binafsi. Mwaka 1893 kampuni ya Kijerumani ilianza kujenga njia kutoka Tanga kuelekea Usambara. Fedha ziliiishia njiani, baada ya kufika Muheza, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Reli ya Kati, iliyojengwa kuanzia mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilitegemea fedha na dhamana ya serikali hiyo tangu mwanzo.

Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Reli lililosimamia njia na treni kwa pamoja. Kadiri miaka ilivyopita, vichwa vya treni vilichakaa na fedha za matengenezo zikapungua. Ndipo Oktoba 2007 uendeshaji ulipokabidhiwa kwa Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na Serikali asilimia 49. Umiliki wa njia ulibaki kwa kampuni ya umma, RAHCO. Mkataba ulikuwa wa miaka 25.

Haukufika hata mwaka wa tano. Ilitokea migomo ya wafanyakazi kuhusu mishahara, uwezo wa vichwa vya treni ukalalamikiwa, na pande mbili zikatofautiana kuhusu fedha za uwekezaji. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe na kuzidisha ugumu. Ilipofika mwaka 2011 Serikali ilikuwa imerejesha hisa zote mikononi mwake. Mwaka 2017, kwa Sheria ya Reli Namba 10, RAHCO na TRL ziliunganishwa na kuwa Shirika la Reli Tanzania, TRC.

Majirani walipitia njia hiyohiyo. Kenya na Uganda zilikabidhi reli zao kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, nayo kwa miaka 25. Wawekezaji wakuu walibadilika, malengo ya uwekezaji hayakufikiwa, na kuanzia mwaka 2017 nchi hizo mbili zilivunja mikataba.

Haitakuwa sahihi kuhitimisha kuwa sekta binafsi haiwezi kuendesha reli. Funzo lililo wazi zaidi ni kwamba njia iliyochakaa haigeuki kuwa nzima kwa kubadilisha mwendeshaji. Mwekezaji akikabidhiwa mataruma mabovu bila kubainishwa nani atayalipia na lini, kila upande utausubiri mwingine, na anayeumia ni abiria aliye stesheni.

Serikali nayo ina rekodi yake

Upande wa Serikali kuna mafanikio ambayo kampuni inayotazama faida peke yake isingeyaanza kwa urahisi. Treni za abiria za Moshi, zilizokuwa zimesimama kwa zaidi ya miongo miwili, zilirejea Desemba 2019, na Arusha ikafikiwa Oktoba 2020. Treni za mjini Dar es Salaam, zilizoanza Oktoba 2012, zilitumia njia za TAZARA na Reli ya Kati kuwapunguzia wananchi adha ya foleni.

Mfano mkubwa zaidi ni reli ya kisasa ya SGR. Huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, na Agosti 1, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Treni hizo za umeme, zenye mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, zimejengewa njia kwa fedha za umma na mikopo ya Serikali. Hakuna nauli ya abiria ambayo ingeweza kurejesha gharama hiyo kwa muda mfupi.

Lakini umiliki wa Serikali pekee hautoshi, na TAZARA ni ushahidi. Reli hiyo ilikuwa ya umma kwa asilimia mia moja, kila nchi ikiwa na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja. Ukosefu wa mtaji, uchakavu wa vichwa na ugumu wa kufanya maamuzi baina ya wamiliki wawili vilidhoofisha mizigo na abiria kwa pamoja. Shehena zilihamia barabarani, na wakazi wa Mbeya wanaziona kila siku katika misururu ya malori yanayoelekea Tunduma kupitia Uyole na mteremko wa Iwambi.

Kwa nini abiria ni mgumu kuliko mzigo

Mzigo wa shaba unaweza kusubiri pembeni mwa njia kwa saa kadhaa bila kulalamika. Abiria anahitaji ratiba, stesheni yenye maji na vyoo, mabehewa safi, usalama wa usiku na nauli anayoimudu. Treni ya abiria pia husimama kwenye vituo vingi vyenye watu wachache, na kila inaposimama hutumia muda na nishati. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi duniani mizigo huingiza fedha na abiria huzitumia.

Mwendeshaji anayepimwa kwa faida peke yake atavutwa kupunguza treni za abiria ili njia iwe wazi kwa mizigo. Kwa msafiri wa Isongole hilo lingekuwa usumbufu, lakini anayo mabasi. Hali ni tofauti kwa vijiji vilivyo kandokando ya reli kati ya Makambako, Mlimba na Kidatu, ambako treni ya masafa mafupi, maarufu kwa jina la "Kipisi", imekuwa ikipeleka mchele na ndizi sokoni, wagonjwa hospitalini na wanafunzi shuleni mahali ambapo barabara hupitika kwa shida wakati wa masika.

Uzoefu wa mataifa mengine unathibitisha hoja hiyo. Japani iligawa shirika lake la reli Aprili 1987 na kuunda kampuni sita za abiria na moja ya mizigo, huku Serikali ikibeba sehemu kubwa ya deni la zamani. Kampuni zinazohudumia miji yenye watu wengi, ikiwemo Tokyo na Osaka, zilistawi na kuingia kwenye soko la hisa. Zile za visiwa vya Hokkaido na Shikoku, vyenye watu wachache zaidi, zimebaki mikononi mwa wakala wa Serikali na zinaendelea kuhitaji msaada.

Uingereza ilibinafsisha reli zake katikati ya miaka ya 1990, njia ikiwemo. Kampuni iliyomiliki njia, Railtrack, iliwekwa chini ya ufilisi mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ajali ya Hatfield iliyosababishwa na reli iliyopasuka. Njia ikahamishiwa taasisi isiyogawana faida, Network Rail. Novemba 2024 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kurejesha treni za abiria kwenye umiliki wa umma kadiri mikataba inavyokwisha, na kampuni ya kwanza chini ya sheria hiyo ilirejea Mei 2025.

Kinachopaswa kuandikwa

Kutokana na mifano hiyo, mfumo unaoelekea kufaa ni ule ambao Serikali inabaki na njia na udhibiti, mwendeshaji mwenye mtaji anaendesha treni, na huduma ya abiria inalindwa kwa maandishi. Tanzania tayari ina misingi ya mfumo huo. Ipo Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2010 pamoja na marekebisho yake. Ipo pia Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo hukagua usalama na kuidhinisha nauli. Ilikuwa LATRA iliyotangaza nauli za daraja la kawaida za SGR mwaka 2024, shilingi 13,000 hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma.

Kwa treni ya abiria, ulinzi wa maandishi unahusu mambo manne. Kwanza, idadi ya chini ya treni kwa wiki na vituo ambavyo lazima zisimame. Pili, utaratibu wa kupanga nauli na nani anafidia tofauti pale nauli inapokuwa chini ya gharama. Tatu, viwango vya usalama na ratiba, pamoja na adhabu inayotozwa visipofikiwa. Nne, hali ambayo njia, vichwa na mabehewa vitatakiwa kuwa nayo siku ya kurejeshwa kwa Serikali, ili Taifa lisikabidhiwe chuma chakavu.

Jambo la pili ndilo gumu zaidi kwa sababu linagusa bajeti. Ruzuku ya treni hushindana na dawa, madawati na barabara za vijijini. Lakini ruzuku isipoandikwa haimaanishi kuwa gharama imeondoka. Italipwa na mwananchi wa Mlimba kwa kukosa usafiri, au na mkulima wa Isongole ambaye viazi vyake hucheleweshwa na malori yaliyojaa barabarani.

Aidha, mwananchi ana nafasi yake. Sheria imeanzisha Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kupokea maoni na malalamiko ya abiria na kuyafikisha kwa mdhibiti. Maoni kuhusu treni yanayotolewa na msafiri wa Rungwe yana uzito sawa na ya mkazi wa Dar es Salaam, na kipindi cha ukarabati ndicho wakati unaofaa zaidi kuyatoa, kabla ratiba na vituo vya miaka ijayo havijazoeleka.

Msafiri anayeshuka Uyole na begi lake hatauliza kwanza hisa za treni ni za nani. Atauliza inaondoka saa ngapi, nauli ni kiasi gani, na kama wiki ijayo itakuwepo. Mkataba wowote wa reli, uwe wa shirika la umma au wa kampuni binafsi, unapaswa kuwa na majibu ya maswali hayo matatu.