Nyumba Zilizohamishwa Zisizame

Katika jimbo la Sussex, kusini ya Uingereza, karibu na kijiji cha Singleton, yapo makumbusho ya namna ya peke yake. Vitu vyake havikufungiwa ndani ya makabati ya vioo, kwa maana ni nyumba zenyewe: nyumba za wakulima, ghala, mazizi na kinu cha maji, zaidi ya 50 kwa jumla, katika uwanja wa ekari 40 hivi. Karibu zote zilitoka mahali pengine ambako zingalibomolewa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili miji mipya ilijengwa katika nchi ile na barabara zikapanuliwa. Nyumba nyingi za mbao zilizodumu miaka mia tatu au minne zikavunjwa. Mwalimu mmoja, Roy Armstrong, aliona hasara hiyo, naye pamoja na wenzake wakatafuta mahali pa kuziweka zile zitakazookolewa. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1970.

Nyumba isifikayo zaidi ni Bayleaf. Ilisimama katika bonde la Bough Beech, jimbo la Kent, tangu karne ya 15. Shirika la maji lilipokata shauri kuligeuza bonde lile kuwa ziwa, ili watu wapate maji ya mifereji, nyumba hiyo ilikuwa katika hatari ya kuzama. Basi ikafunguliwa boriti kwa boriti na kupelekwa Sussex.

Labda msomaji atauliza, nyumba yahamishwaje? Jibu limo katika kazi ya maseremala wa zamani. Mihimili ya mwaloni haikuungwa kwa misumari ya chuma. Ulimi wa boriti moja uliingizwa katika tundu la nyingine, kisha kijiti cha mti kikapigiliwa katikati. Tena seremala alizichonga boriti zote kwanza katika kiwanja chake, akazitia alama kwa patasi, ndipo zikachukuliwa kusimamishwa mahali pa nyumba. Kwa hiyo nyumba hizo zilikwisha safiri mara moja kabla hazijakaliwa na mtu.

Mgeni atokaye Afrika ya Mashariki akiingia Bayleaf ataona mambo anayoyajua sana. Nafasi kati ya mihimili imezibwa kwa fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majani makavu. Meko yako katikati ya sakafu ya ukumbi, wala hakuna dohani: moshi hupanda wenyewe na kujipenyeza katika paa. Masizi yaliyoganda juu ya boriti ndiyo yaliyowaonyesha wataalamu kwamba moto uliwashwa hapo kwa miaka mingi. Madirisha hayana vioo, bali vijiti vya kusimama na vibao vya kufungia. Na hii haikuwa nyumba ya maskini, bali ya mkulima mwenye uwezo. Wale wanaoona aibu kutaja nyumba za udongo za babu zao wangefaa kuketi kidogo karibu na meko yale.

Si kila kipande ni cha asili. Baadhi ya sehemu zilikwisha haribika au kubadilishwa zamani, na mafundi wakazitengeneza upya kwa kufuata alama za matundu yaliyobaki. Wako wasemao kwamba nyumba iliyong'olewa katika ardhi yake imekwisha poteza nusu ya habari zake, na neno hilo lina ukweli, maana bonde na majirani havikuweza kuhamishwa. Lakini kwa Bayleaf hapakuwa na njia nyingine ila maji.

Kule Nairobi, Bomas of Kenya ilianzishwa ili kuonyesha miji ya kienyeji ya makabila mbalimbali, ila hiyo ilijengwa mipya kwa mfano wa ile ya zamani. Nyumba ya fito na nyasi haingoji miaka mia tano kama mwaloni.

Kinu cha maji, kilichotoka Lurgashall, husaga ngano hata leo, na mgeni aweza kununua unga wake akaenda nao nyumbani.