Fungate Yetu Kwenye Nyayo za Idi Amin

“Kwa nini si Zanzibar?” marafiki walituuliza. Jamani, baba mkwe wangu alipigana Vita vya Kagera na hajawahi kutusimulia. Basi fungate tukaenda Uganda. Tulivuka mpaka Mutukula, tukapita Masaka, mji ambao wanajeshi wetu waliubomoa mwaka 1979 kulipiza kisasi cha Kagera. Kampala, ndani ya kasri la Kabaka pale Mengo, tulionyeshwa vyumba vya zege ambamo watu waliteswa na kuuawa enzi za Idi Amin (1971–1979). Ukutani kuna alama za mikono. Usiku mume wangu akampigia simu baba yake: “Mzee, ulifika Masaka?” Kimya. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaanza kusimulia. Wapenzi, maswali mengine yanahitaji safari kwanza.