Kasia na Msumeno

Watu wa pwani hawachanganyi kafi na kasia. Kafi hupigwa kwa mikono mitupu bila ya kuegemezwa mahali, na mpigaji wake huuelekeza uso kule aendako. Kasia huegemea kishwara ubavuni mwa chombo, na mwenye kulivuta huipa omo kisogo, akawa hakioni anachokiendea ila anachokiacha. Basi mtu avukaye bahari muhiti kwa makasia huivuka kinyumenyume, na nchi kavu inapochomoza baada ya siku sabini za maji matupu, uso wake huwa ungali umeelekea alikotoka.

Hivyo ndivyo alivyoivuka Atlantiki, mwaka wa 1969, Tom McClean, mtu aliyelelewa katika nyumba ya mayatima huko Uingereza, akaingia jeshini katika kikosi cha askari wa miavuli, kisha akachaguliwa kuwa miongoni mwa askari wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi hilo, ambao mafunzo yao makubwa ni kuishi mahali pasipoishika. Ubaharia haukuwa urithi wake. Miaka mitatu kabla yake, askari wawili wa miavuli kama yeye, John Ridgway na Chay Blyth, walikuwa wamevuta makasia kutoka pwani ya Marekani hadi visiwa vya Aran vya Ireland, safari ya miezi mitatu, na habari yao ilitosha kumtia yeye azma ya kulifanya jambo lile lile bila ya mwenzi wa kupokezana naye.

Mashua aliyoichagua ilikuwa ya aina iitwayo dori, nayo yafaa ielezwe, kwa kuwa wengi wetu hatujapata kuiona. Wavuvi wa samaki wa chewa katika maji ya Newfoundland waliitumia zamani wakiibeba juu ya sitaha za merikebu, dori ndani ya dori, mithili ya bakuli zilizopangwa kabatini. Chini ni bapa, na mbavu zake zimelala kwa nje, hata ikiwa tupu huyumbayumba kama mlevi, lakini ikishatiwa shehena hutulia, na kadiri inavyoinama ndivyo ubavu wake mpana unavyoyakalia maji na kukataa kuinama zaidi. Ya McClean, iliyoitwa Super Silver, ilikuwa na urefu wa futi 20 tu.

Ridgway na Blyth walipokuwa safarini katika mwaka wa 1966, Waingereza wengine wawili walikuwa katika bahari ile ile: David Johnstone na John Hoare, katika chombo kilichoitwa Puffin, kilichochorwa na mhandisi hodari Colin Mudie, yule yule ambaye baadaye alichora jahazi la Sohar, lililoundwa Sur ya Omani kwa kushonwa kamba za kumbi kama mitepe ya mababu zetu, likaenda China katika miaka ya 1980 na 1981. Puffin ilionekana mwezi wa Oktoba ikielea kifudifudi, na wenyewe hawamo. Daftari la safari lilikutwa ndani, na siku ya mwisho iliyoandikwa ni tarehe 3 Septemba, siku ile ile ambayo Ridgway na Blyth walikanyaga nchi kavu.

Hapa ndipo penye elimu yote ya vyombo hivi. Msomaji aweza kudhani kwamba mashua ya kuvukia bahari huundwa kwa ajili ya mvutaji, ili kasia liwe jepesi na mwendo uwe wa kasi; kumbe huundwa aghalabu kwa ajili ya saa ambazo mvutaji hayupo kazini, amelala, au anaumwa, au upepo umemgeukia akaona kuvuta ni kujichosha bure. Hapana misuli ya binadamu iwezayo kushindana na dhoruba ya Atlantiki. Mtu hutosa majini mfuko wa turubai ulio wazi kinywa, alioufunga kwa kamba omoni, ili maji yaujaze na kuielekeza pua ya mashua kwenye mawimbi. Kisha hujikunyata chini ya kifuniko, na chombo hubaki peke yake na bahari. Umbo lake ndilo litakaloamua kama ataamka.

Uffa Fox, mwana wa kisiwa cha Wight, aliyekuwa katika Vita Kuu ya Pili amebuni mashua za uokoaji zilizodondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege, alilifahamu jambo hilo vizuri. Alipomchorea mvutaji makasia John Fairfax mashua ya Britannia, aliziba tezi na omo zikajaa hewa, akauweka uzito chini kama farumi, ili chombo kikipinduliwa kisiweze kustahimili kukaa kifudifudi, bali kijigeuze chenyewe na kuyamwaga maji. Fairfax aliondoka visiwa vya Kanari tarehe 20 Januari 1969, akisukumwa na pepo za biashara, na siku 180 baadaye, tarehe 19 Julai, akatia nanga Florida.

McClean hakupewa raha ya pepo hizo. Aliondoka St John's, Newfoundland, tarehe 17 Mei, katika njia iliyo fupi lakini yenye ukungu, baridi na vilima vya barafu vielevyo, akiutumainia mkondo na upepo wa magharibi. Dori yake ilikuwa wazi katikati. Kila wimbi lililoingia lilimtaka aache kasia ashike kazi ya kufua maji. Wavutaji wa masafa haya wote husimulia mateso ya namna moja: chumvi huwatoa majipu makalioni, na asubuhi vidole huwa vimekunjika kwa umbo la kipini cha kasia, hata havinyooki mpaka vinyooshwe kimoja kimoja. Tarehe 27 Julai, baada ya siku 70, aliingia ghuba ya Blacksod, Ireland, akawa mtu wa kwanza kuivuka bahari ile kwa makasia peke yake kutoka magharibi kwenda mashariki. Baina ya kuwasili kwa Fairfax na kuwasili kwake, watu wawili walikuwa wamekanyaga mwezi, na magazeti ya wiki ile yalikuwa na nafasi finyu kwa mtu wa kasia.

Alihamia Uskoti, kando ya Loch Nevis, mahali pasipofikwa na barabara, akafungua chuo cha kuwafunza watu maisha ya milimani na majini. Laiti angeishia hapo, angekuwa mtu wa kawaida. Lakini katika mwaka wa 1982 aliivuka tena Atlantiki, mara hii kwa tanga, katika kijichombo cha futi 9 na inchi 9, kikawa kidogo kuliko vyote vilivyotangulia. Wamarekani wakaja na vifupi zaidi, wakamshinda kwa inchi chache. Jawabu la McClean ndilo linalonifanya nimpende: hakurudi mezani kuchora upya, bali alichukua msumeno wa mashine akakikata chombo kile kile futi 2, kikabaki futi 7 na inchi 9, urefu unaozidi kidogo tu kitanda cha kamba. Katika mwaka wa 1983 akaondoka nacho. Mlingoti ulivunjika njiani, na hata hivyo alifika Ureno.

Katika mwaka wa 1985 alikaa siku 40 juu ya Rockall, jiwe tupu katikati ya bahari, ndani ya sanduku alilolifunga mwambani, ili kuthibitisha kwamba ni mali ya Uingereza. Jambo hilo naliacha kwa wanasiasa.

Kasia alilirudia mwaka wa 1987, akaimaliza njia ya kaskazini kwa siku 54. Mwaka huo huo Don Allum, Mwingereza mwenye stahamala isiyo na kifani, aliipita njia hiyo katika mashua yake kuukuu ya mbao, futi 20, akafika kisiwa cha Achill baada ya siku 77, amekonda kwa njaa. Hali ya hewa ina fungu lake katika tofauti hiyo, lakini siamini kwamba ni fungu lote. McClean alikuwa mtu mzima kuliko alivyokuwa mwaka wa 1969, akapunguza siku 16, na kilichokuwa kipya kwake si mikono.

Mwaka wa 1990 aliivuka kutoka New York ndani ya chombo chenye umbo la chupa, kilichobeba jina la kampuni ya majani ya chai. Kisha yule aliyekuwa akikata inchi kwa msumeno akageuka akaunda nyangumi wa futi 65, mwenye uzito wa tani zaidi ya 60, mwenye tundu la kurushia maji kichwani, akiazimia kuivuka Atlantiki naye. Alimfunga mbele ya nyumba yake huko Loch Nevis, hata mgeni aliyekwenda kumzuru McClean, kwa vile ilimlazimu aende kwa mashua au atembee milimani, alipokewa na nyangumi kabla ya kupokewa na mwenyeji.