Je, Wajua? Matundu ya Nati Hutaja Gari

Gurudumu kuukuu likiibuliwa kwenye stoo ya shamba la chai Kericho au Bomet, watu hukimbilia kusoma maandishi ya tairi. Hapo ndipo wanapopotea. Tairi hubadilishwa kila meno yakiisha, lakini rimu hubaki, na ushahidi wake umo kwenye matundu ya nati. Chukua rimu ya inchi 16 yenye matundu matano. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Kipimo cha kwanza kikiwa milimita 97, duara la nati lina kipenyo cha takriban milimita 165, yaani inchi 6.5. Hiyo ni dalili nzito ya Land Rover za zamani, zilizoanza kuuzwa 1948.

Mpinzani atasema huenda fundi wa kuchomelea aliitoboa upya ili aifunge kwenye tela la majani mabichi. Inawezekana. Ila tundu la kiwandani lina ukingo wa mteremko unaoikalisha nati katikati; la kienyeji kwa kawaida huwa na ukingo usio na mteremko, pengine limekwenda upande. Na tela halibadilishi asili ya rimu. Gurudumu la chuma tupu lenye meno ya kung'ata udongo ni kisa kingine: hilo hutukumbusha trekta za kabla ya matairi ya upepo kuenea miaka ya 1930. Kutu usiihesabu: chini ya bati linalovuja, kwa mvua za Kericho, hata rimu changa huonekana kongwe.